Visu vya Ukutani

Jumamosi, Ilomba. Ukungu umekaa juu ya mlima Loleza tangu asubuhi, haushuki wala hauondoki. Nimevaa sweta mbili. Nina kinyaa, na nimejaribu kukifuatilia kama ninavyofuatilia habari yoyote: kilianzia wapi, nani alikuwepo, nani alijua. Jibu halinifurahishi. Ndiyo maana naandika.

Asubuhi nilishusha visu vyangu vyote vya kuchongea kutoka ukutani. Ni ishirini na vitatu. Nilivipanga mezani juu ya gazeti, nikachukua tupa, nikaipitisha taratibu kwenye makali ya kila kimoja. Chuma kilichopikwa vizuri, yaani kilichotiwa moto kikazimwa kwenye mafuta hadi kikawa kigumu, huikataa tupa, inateleza juu yake kama inapita kwenye kioo. Chuma laini huikubali. Tupa inauma, inatoa unga wa kijivu.

Visu saba vilitoa unga. Vyote saba nilivinunua kwa mhunzi mmoja, na ndiye mhunzi pekee niliyewahi kumsifu gazetini.

Nieleze kwa wasiochonga. Kisu ninachozungumzia kimepindwa kama ndoana kubwa. Tezo hutoa umbo la kitu, kisu kilichonyooka hulainisha nje, lakini shimo la upawa au la bakuli hulipati bila hicho kilichopinda. Unakivuta kuelekea kwenye kidole gumba cha mkono huohuo ulioshika kisu. Kidole ndiyo breki. Kwa hiyo mchongaji anaamini chuma kila anapovuta, mara mia kadhaa kwa siku, bila kufikiri.

Na wahunzi niliowajua mimi huku hawauzi kisu kizima. Wanauza bapa na mkia wake, ile ncha inayoingia kwenye mpini. Mpini unautengeneza mwenyewe, kwa mti unaoupenda, kwa kipimo cha kiganja chako. Mhunzi hawezi kujua mkono wako. Hilo niliambiwa siku ya kwanza na Ambokile, aliyenifundisha kuchonga.

Ambokile anakaa mitaa mitatu kutoka kwangu. Ana miaka hamsini na miwili. Anachonga pawa na mabakuli, na hana kazi nyingine. Shamba la Rungwe waligawana kaka zake yeye akiwa huku mjini. Nilimwendea miaka minane iliyopita baada ya kurudi kutoka kuandika habari ya ajali mbaya barabara kuu, nikiwa siwezi kukaa nyumbani bila kufanya kitu kwa mikono. Alinipa kipande cha mparachichi na kisu, akaniambia nikae pale na nisimsemeshe.

Nilichonga pawa kumi na moja. Mwaka wa tatu niliacha.

Sikuacha kununua visu.

Hapo ndipo pa kuanzia, nadhani. Kila safari ya kazi nilirudi na kimoja: Tukuyu, Njombe, Makongolosi, Iringa. Nilivipangia ubao wa mninga sebuleni, nikaweka taa ndogo juu yake. Wageni walisimama pale na chai mkononi, nami niliwaeleza makali, mkunjo, uzito. Niliongea kama mtu anayechonga. Hakuna aliyewahi kuniuliza mara ya mwisho nilichonga lini.

Mhunzi niliyemsifu ni Kikoti, wa kijiji kimoja nje ya Iringa. Miaka miwili iliyopita niliandika makala ya ukurasa mzima juu yake. Ilipendwa. Leo nimeisoma upya nikiwa nimesimama, kama ninavyosoma kazi ya mwandishi mgeni ninayemshuku. Aya ya nne ina sentensi hii: makali ya kisu chake hudumu msimu mzima bila kunolewa.

Kisu chake nilikuwa nimekitumia alasiri moja.

Nimewahi kumfukuza mtu chumba cha habari kwa kosa dogo kuliko hilo.

Ambokile aliisoma makala. Hakuniomba kitu, alisema tu kwamba kisu chake kimeliwa na jiwe la kunolea, amekitumia miaka kumi na tisa na aliyekifua ameshafariki. Machi nilikuwa na kazi Iringa, nikapita kwa Kikoti, nikamwambia nataka kimoja kizuri kama vyangu. Alinipa. Kilikuwa na mpini tayari, mweusi, unang'aa kama umeshikwa na vizazi vitatu. Nilikifunga kwenye kanga mpya, nikampelekea Ambokile.

Alikigeuza mkononi. "Mpini wa nani huu?"

"Wa kwako sasa," nilisema, nikacheka.

Yeye hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kile cha zamani. Sehemu ya kidole gumba kwenye mpini ilikuwa imechimbika kwa kushikwa, unaweza kuweka punje ya maharage ikakaa. Akasema, "Basi chukua hiki, dada, kakipumzishe." Ilikuwa adabu. Mtu amekuletea zawadi, huwezi kumwacha aondoke mikono mitupu. Mimi, badala ya kukataa mara mbili kama mtu aliyelelewa, nilikipokea mara ya kwanza. Nilikitamani kwa miaka. Nilikitundika katikati ya ubao, chini ya taa.

Kwa hiyo nilichukua kisu kinachokata kutoka kwa mtu anayechonga, nikampa pambo.

Wiki tatu zilizopita alikuwa anakomba bakuli. Kisu kiligoma kuuma, akaongeza nguvu, bapa likafunguka, likaruka ukingo wa bakuli na kuingia kwenye breki yake. Kano inayokunja kidole gumba cha kulia ilikatika. Walimshona. Daktari amemwambia kidonda kitapona na kidole kitabaki, ila huenda kisikunje tena.

Nilipokwenda kumpa pole alisema alikuwa na haraka. Nilimwamini. Mkewe, Atupele, alinisindikiza hadi mlangoni akanipa kitu kimefungwa kwenye mfuko wa sukari. "Ondoka nacho, dada. Sitaki kukiona humu." Nilikifungua nyumbani. Ile ndoana ilikuwa imenyooka nusu, kama uma uliotumika kufungulia kopo. Chuma kizuri kikizidiwa hukatika, hakifunguki namna ile.

Juzi Alhamisi nilipanda basi kwenda Iringa, kisha pikipiki hadi kwa Kikoti.

Harufu ilinipokea kabla yake. Chini ya paa la kiwanda kulikuwa na beseni la plastiki la bluu limejaa kitu cha rangi ya chai, na ndani yake visu, vingi, vimelala kama samaki waliooza. Pembeni sufuria ilikuwa inachemka, na ndani yake ilielea mipini ya miti. Nimeingia machinjioni, nimeingia chumba cha maiti kuhesabu miili. Sikuwahi kuziba pua. Pale niliziba.

"Kamwene, mama mwandishi," alisema Kikoti. "Umekuja kuona watoto wako?"

Nilimuuliza beseni lina nini. Hakuficha hata kidogo.

"Mkojo wa ng'ombe na chumvi. Siku tisa tu, kinakuwa cha babu yake babu."

"Na sufuria?"

"Oili chafu ya gari. Ukitoa unapaka masizi, unasugua na gunia. Mzungu akiushika mpini anafumba macho." Alitabasamu. "Wa Dar naye anafumba. Wa Dar anafumba zaidi."

Mikono yake ilikuwa imebabuka hadi viwiko. Nyuma yake, palipokuwa na springi za lori zilizokatwa mwaka ule wa makala, palikuwa na rundo la nondo za ujenzi, chuma laini. Nilitoa kisu cha Ambokile kwenye begi nikamwekea juu ya kipande cha reli anachofulia. Alikitazama, akakikamata kwa vidole viwili, akakipinda kikarudi umbo lake la mwanzo. Vidole viwili tu.

"Nondo," alisema.

"Nimeona. Nataka kujua kwa nini."

"Ni cha ukutani."

"Nilikwambia nataka kizuri. Kama vyangu."

"Ndiyo. Vyako vyote ni vya ukutani."

Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na huwa naacha kimya kifanye kazi, mtu mwingine akijaze. Yeye alikijaza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Mama, nimekuuzia visu tisa, ukiacha hiki. Vingapi vimerudi hapa?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Kisu kinachochonga hurudi kwa aliyekifua baada ya msimu wa kwanza. Lazima kirudi. Makali yakishanolewa mara nyingi ile ngozi ngumu ya juu huisha, na mhunzi hukirudisha motoni kukipika upya. Halipishi. Wachongaji wote wanajua. Mimi pia najua. Nimeiandika, aya ya sita, kwa maneno mazuri.

"Viwili vya kwanza nilivipika kama vya mwanangu," alisema. "Nikangoja. Mwaka wa kwanza, wa pili. Havikurudi. Nikasema, aa, huyu anatundika. Springi zenyewe za kuokoteza, kwa nini nizimalizie kwenye ukuta wa mtu?"

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza. Mwandishi ni nani kati yetu?"

Nikamwambia mtu amekatika kano. Aliacha kucheka hapo. Akaweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikusaidia.

"Anachonga nini?"

"Pawa. Mabakuli."

"Anachonga kila siku? Halafu ukampelekea hiki?"

"Wewe ndiye uliyenipa."

"Mimi nilikupa wewe," alisema.

Nilimwambia niliyokuwa nimekwenda kumwambia. Kwamba anauza uongo, kwamba yule wa Dar siku moja atampa kisu jirani anayechonga, kwamba alama ya mstari anayopiga kwenye mkia wa visu vizuri, ili vitofautishwe na vya ukutani, haina maana kama mpini umeshafungwa juu yake. Alisikiliza. Akasema jambo moja tu, bila ukali: "Kisu cha kazi kina mpini tayari, na wewe hukushtuka?"

Nilichukua pikipiki ile ile, nikalala kwa shangazi mjini, nikapanda basi la jana. Nguo zile nimezifua mara mbili. Bado nasikia harufu ya lile beseni.

Nataka niwe sahihi kuhusu kinyaa hiki, kwa sababu ni rahisi kukimwaga chote kwa Kikoti. Ananikinaisha, ndiyo. Mtu anayejua kufua kisu kinachodumu miaka ishirini anakaa anapika mipini kwenye oili ili ionekane imeshikwa na mikono ambayo haijawahi kuwepo. Wateja wake wananikinaisha pia, na wateja wake nimewaleta mimi. Lakini hajawahi kumwambia mtu kwamba visu vile vinachonga. Aliyesema hivyo ni mimi, kwa wino, na jina langu juu.

Mchana nilitenganisha kisu cha zamani cha Ambokile na vingine, nikaenda kwake.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje, juani, mkono umefungwa bendeji safi. Atupele alikuwa anachambua mchele. Nilisimama nikawaeleza yote kwa mpangilio, kama ninavyotoa taarifa: nondo, beseni, mpini, yale niliyomwambia Kikoti Machi na yale ambayo sikumwambia. Nikamwomba msamaha. Nikamwekea kisu chake cha zamani mapajani.

Atupele alizungusha ungo. "Kwa hiyo mume wangu amekatwa na ua la sebuleni."

"Atu," alisema Ambokile.

"Acha niseme. Dada nampenda, anajua. Lakini kidole hicho kinalisha watu sita, na kilichokikata hata nyanya kisingekata."

Nilimuuliza Ambokile swali lililokuwa linanisumbua tangu Alhamisi. Mpini aliuona. Alijua. Kwa nini alikitumia?

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilikivuta mara mbili, nikasema hiki hakiumi, kinalamba."

"Basi ungekiacha."

"Ulikileta wewe. Umetoka nacho Iringa, umekifunga kanga. Siku ukipita hapa utauliza, kisu kinaendeleaje. Ningekujibu nini?" Alitazama kile kilichokuwa mapajani. "Nilisema nitakizoea. Nitaongeza nguvu kidogo."

Hata cha zamani hakuja kukiomba. Alikuwa amenipa, na kitu ulichotoa hukidai. Aliendelea hivyo miezi mitatu, akiongeza nguvu kidogo, ili nisione aibu.

Nimehoji watu waliochomewa nyumba zao. Sijawahi kutazama pembeni wakati mtu anajibu. Leo nilitazama mchele.

Kisha alijaribu kukishika kisu chake. Vidole vinne vilifunga, kidole gumba kikabaki kimesimama, hakifiki kwenye lile shimo lake kwenye mpini. Kisu kikaanguka. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akacheka kidogo puani. Ndoana ya mkono wa kulia ukiishika kwa kushoto inatazama nje. Haikombi chochote. Nilikuwa nimemrudishia kitu chake, safi, kimepakwa mafuta, na hakina kazi kwake.

"Nimeanza na mkono wa kushoto," alisema, akaninyooshea kipande cha mparachichi kilichokuwa chini ya kigoda. Alikuwa amekichonga nje kwa kisu cha jikoni. Kilikuwa kibaya. Ukingo mmoja mnene, mwingine umeliwa, kama kazi yangu ya kwanza. "Nje naweza, taratibu. Ndani sina cha kuingilia."

Nikasema nitatafuta mhunzi wa kumfulia cha kushoto. Tukaanza kuwataja. Wa Tukuyu amefariki. Wa Njombe anafua majembe tu. Wa Makongolosi ameacha, ameingia kwenye dhahabu. Tulivyozidi kutaja ndivyo nilivyozidi kujua tunaelekea wapi, na nilitamani mmoja wetu akumbuke jina jingine.

"Huyo huyo wako," alisema Ambokile. "Visu viwili vya kwanza umesema tupa imekataa?"

"Imekataa."

"Basi anajua. Kutojua na kutotaka ni vitu viwili." Akageukia mkewe kana kwamba ndiye anayehitaji kushawishiwa. "Mtu akiweza kupika springi vizuri, anaweza."

"Mtu wa mkojo," alisema Atupele.

"Mimi nataka chuma chake. Sitamwoa."

Alicheka mwenyewe kwa hilo, na Atupele akashindwa kujizuia, akacheka akiwa bado ananikasirikia. Kisha akaniambia: "Dada, safari hii usiseme unataka kizuri. Sema ni cha kutulisha."

Nilipoaga, Ambokile alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwambia nitaandika pia, kwanza kusahihisha ile aya ya nne, kisha mengine. Akasema niandike nitakavyo, ila jina lake nilibadilishe, maana wateja wakisikia habari ya mkono watakwenda kwa mwingine kabla hajajifunza. Nimelibadili. Umri wake sijaubadili, wala kidole.

Marekebisho nimeshayaandika, yako tayari kwenda kwa mhariri. Yana sentensi tatu na yamenichukua muda mrefu kuliko makala nzima. Ubao wa mninga nimeushusha. Umebaki ukuta wenye misumari na alama nyeupe yenye umbo la ubao, mbaya kuliko nilivyotarajia. Vile vyenye chuma kigumu vitakwenda kwa watu wanaochonga, nimeanza kuwapigia simu. Vile saba sijui. Siwezi kumpa mtu na siwezi kuvitupa mahali mtu atakapoviokota.

Kesho ni Jumapili, Kikoti hawashi moto. Jumatatu naenda. Nitasimama pale mpaka bapa liingie kwenye mafuta na litoke, na tupa nitaishika mwenyewe. Sitaki kumwona yule mtu. Sitaki anione. Hilo halina uzito wowote katika jambo hili.

Ambokile amenipa maelekezo moja moja, nami nimeyaandika kwenye daftari: urefu wa bapa, upana, bila mpini. Na akasema mhunzi mzuri, akiombwa kisu cha kushoto, ana swali moja lazima aulize: mkono huo wa kushoto ni wa kuzaliwa nao au wa kujifunza? Kwa sababu wa kujifunza hupindiwa kisu kwa kiasi kidogo tu, kisije kikauma mti kwa nguvu kabla mkono haujajua kukizuia.

"Atakuuliza," alisema. "Asipouliza, ondoka."

Sijui ninachokiogopa zaidi, asipouliza au akiuliza. Akiuliza, nitamjibu akiwa ananitazama: wa kujifunza. Ana miaka hamsini na miwili, na ameanza wiki hii.